Kiporo cha Jumatatu

Jumanne saa moja, juu ya duka la nguo,
Bi Odalie hungoja, nami nimeshika chuo,
Napanda moja kwa moja, pumzi bila kituo,
Yatoka sauti moja, kama mlango wa choo.

Miezi mitano hivyo. Skeli ya Si bemoli
hunifuata hadi hospitalini, ninakokunja mashuka,
midomo imevimba kama ya mtu aliyebusu nyuki.
Mwalimu ana miaka sabini na sita;
mguu wake wa bandia ndio unaohesabu sakafuni:
moja, mbili, moja mbili tatu nne.

Leo amekifunga kitabu. Akakikalia.
"Sasa sema."
Niseme nini?
"Mchana umekula nini?"
Maharage mekundu na wali. Kiporo cha jana.
"Basi piga hicho."

Nikapiga. Nota ya tatu ikapinda, ikabingirika ngazini.
Nikaishusha tarumbeta niombe radhi.
"Umejikwaa? Jikwae tena,
palepale, kwa makusudi."

Nikajikwaa.
Chini, katika joto la New Orleans,
lori la taka likaingia Mtaa wa Dumaine kinyumenyume
likilia ti, ti, ti,
nami, sijui nani aliyeniruhusu,
nikalidakia,
nikalijibu nusu nota juu yake,
nikalitania kama shemeji aliyechelewa harusini,
ti, likasema, mimi nikasema mengine,
mpaka dereva akazima injini.

Kimya. Hata mguu ulikuwa umesahau kuhesabu.

"Mh," akasema Bi Odalie. "Chumvi imepungua."