Zamu ya Jumatano

Mimi ni msoma mita.
Natembea Pasua, natembea Njoro,
na daftari lililolowa jasho kwenye kona.
Nafunua kifuniko cha chuma, nafuta tope kwa kidole gumba,
nasoma: sifuri, sifuri, nne, moja, nane.
Mwenye nyumba anauliza kutoka dirishani,
"Tumekunywa kiasi gani?"
Namtajia uniti.
Mto Karanga sijui nimtajie vipi.

Kwetu Kibosho maji hayakuwa na namba. Yalikuwa na siku.
Sisi tulipewa Jumatano, tangu jogoo wa kwanza
hadi kivuli cha mgrivilea kirudi miguuni pa mti wake.
Mama alipanda na jembe mpaka kwenye banio la mfongo,
akalizibua: kipande cha mgomba, majani makavu, udongo,
na maji yakaingia kihambani kama mgeni aijuaye njia,
hayapigi hodi,
yakapita chini ya kahawa, yakazunguka magimbi,
yakatulia kidogo penye ndizi ng'ombe kana kwamba yanasalimia,
kisha yakatelemka kwa Kornel
yakiwa na majani yetu, povu letu,
na siku moja kandambili yangu ya kushoto.
Binti yake aliirudisha jioni.
Alikuwa ameiosha.

Ukaja mwaka ule wa vumbi.
Theluji ya Kibo tuliihesabu kama hela ya mwisho wa mwezi.
Jumatano moja tukakuta banio limeshafunguliwa usiku,
mfereji wetu mkavu, na ukingoni, topeni,
alama ya mguu wenye vidole vinne.
Kibosho nzima ilijua mguu huo
na shoka lililokula kile cha tano.

Nilingoja Mama apige yowe.
Aliitazama ile alama,
akaikanyaga kwa mguu wake, akaisawazisha taratibu
kama anayelaza mtoto.
"Migomba yake nayo ina koo," akasema.
Tukarudi nyumbani na ndoo tupu, zikigongana.

Mvua iliponyesha, Kornel alikuja na jani la isale,
amelifunga fundo. Hakusema neno.
Mama alilipokea kwa mikono miwili.
Siku ya pili akachomeka shina zima la isale pale banioni.
Lipo hadi leo, limenizidi urefu.

Leo nimepewa karatasi ya kukata maji.
Njoro, nyumba ya bati jekundu, deni la miezi mitatu.
Jina: Restituta Kornel.
Nilipiga goti, nikashika spana,
naye akatoka, kanga begani, mikono ina sabuni.
Alinitazama uso. Akashusha macho, akanitazama miguu.
"Siku hizi unavaa zote mbili," akasema.

Chini ya kifuniko kile gurudumu dogo lilikuwa linazunguka,
maji yaleyale, au wajukuu wake,
yaliyopita kwa mama yangu, yakapita kwa baba yake,
yakaingia bombani bila kubadili jina,
na yasiyoingia yanakwenda zake, hata Nyumba ya Mungu,
kwa watu watakaotilia chai majani yetu.

Nikatazama saa.
Jumatano, saa nne na robo asubuhi.
Kivuli cha mgrivilea bado kiko mbali na mti.
Nikarudisha spana mfukoni.
Zamu ilikuwa yetu,
na haijaisha.