Kigingi cha Tatu

Mwambani Micheweni, saa mbili na robo,
tumefika na rangi nyeupe, futi kamba,
vigingi kumi na viwili vya saruji
na fomu yenye muhuri.

Mie ndiye karani. Naandika.
Jina la mahali: Pango la Mwinyikai.
Aina: pango la mawe ya matumbawe, lenye maji baridi.
Urefu: mita arubaini na moja, kisha tochi ikakataa.
Umri: hapo mtaalamu wa mawe, Bwana Ngwali,
akalamba kidole, akagusa ukuta, akasema,
"Weka miaka laki na ushei."
Laki na ushei nikaweka.
Bahari ilikuwa huku juu, akaniambia,
na hilo uliloegemea lilikuwa hai, likila, likizaana.
Nikaondoa mkono.

Mmiliki:
Sheha akasema serikali. Kijana mmoja akasema sote.
Nyuma kabisa mtu akasema, "Wenyewe,"
watu wakacheka, lakini si kwa sauti.
Nikaruka mstari.

Matumizi: ndoo.
Nikafuta. Maji ya kunywa, bomba linapogoma.

Tukaanza kufunga mpaka.
Kigingi cha kwanza chini ya mkadi,
cha pili kando ya njia ya ng'ombe.
Cha tatu, ramani ilivyotaka, kikaangukia
katikati ya fungu la kokoto la Bi Chumu Faki.

Alikuwa amekaa, mguu mmoja kaunyoosha,
nyundo mkononi, kipande cha tairi
kikilinda vidole vya mkono wa pili.
Hakuinuka. Aliuliza tu,
"Jiwe la upande huu ni nini?"
"Urithi wa taifa, bibi."
"Na la upande huu?"
Nikatazama fomu. Haikuwa na kisanduku.
"Kokoto."

Akaokota moja la huku, moja la huku,
akayagonganisha karibu na sikio langu.
Akangoja nimwambie lipi ni lipi.

Sikumwambia kwamba kalamu hii
imenunuliwa kwa ndoo za mawe,
kwamba mamangu alikaa hivyo hivyo kule Shumba
na sare yangu ya skuli ilikuwa na vumbi jeupe
lisilojua sabuni.
Skuli yenyewe, zege lake lilitoka mwambani hapa.
Miaka saba nimeegemea urithi
nikiuchora jina langu kwa msumari.

Ngwali akasoma kifungu, akakirudia polepole:
kigingi hakisogei.
Bi Chumu akavuta fungu lake kwa jembe,
hatua nne, bila kutuangalia,
na pale palipobaki tukachimba shimo.

Hapo ndipo ikajulikana
kwamba kokoto za kushindilia tumezisahau Wete.

Akatuuzia. Ndoo mbili, pesa taslimu,
bei ya fundi, hakupunguza hata shilingi.
Ndani ya kigingi cha tatu, basi,
yamo mawe yake, yaliyopondwa Jumanne,
yanalindwa na sheria
pamoja na yale ya miaka laki na ushei.

Ofisi inataka risiti. Nikaiandika mwenyewe,
nikamshikia kidau cha wino.
Akabonyeza dole gumba,
akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi.
Karatasi ikatoka na doa la buluu,
duara, laini,
halina mstari hata mmoja.