Neno Mshipa

Kwetu Magomeni Mapipa neno lilikuwa moja: mshipa.
Mtu akikamatwa kiuno, mshipa.
Mwanamume akivimba kinenani, mshipa.
Kidole kikiamka na ganzi, mshipa,
na mwenye deni la kushonewa suruali
akipita dirishani anachekacheka,
huyo kakosa ule wa aibu.

Kwa hiyo shangazi Zamoyoni alipoinua gauni hadi gotini
tukaona mstari mwekundu unapanda kwenye shavu la mguu,
mgumu kama pindo lililokunjiwa kamba ndani,
wa moto kama pasi iliyotoka kuzimwa,
hakuna aliyehangaika kuutafutia jina.
Mama Semeni alishakunja mikono ya blauzi,
mafuta ya karafuu kiganjani:
"Lete nikande."

Shangazi akauvuta mguu wake.
Miaka ishirini na sita kwenye cherehani,
anajua uzi ukivutwa palipo na fundo
unavyokatika.

Mwananyamala, benchi la tatu, namba hamsini na nane.
Daktari Nyagawa, kijana, soksi zake hazifanani,
akachora nyuma ya kadi:
hii ateri, inatoka moyoni na kishindo chake;
hii vena, inarudi, taratibu, inapanda mlima,
ndani ina vilango vinavyoizuia damu isigeuke njiani;
na hii neva, haipitishi damu,
yenyewe inapeleka habari tu.
Tatu.
Shangazi akazihesabu kwa vidole
kama aliyerudishiwa chenji asiyoitarajia.

"Lako ni la vena. Flebaitisi."
Akalifumua neno mbele yetu:
flebi ndiyo vena yenyewe,
aitisi ni mkia, na ukiukuta nyuma ya neno lolote
jua pana mahali mwilini panawaka,
koo, ini, kidole tumbo.
"Aitisi," shangazi akasema.
"Kumbe ndiye mchoma nyumba."

Halafu akauliza lililomleta:
na hili gumu, hili linalogoma chini ya kidole?

Donge. Damu imeganda; wao huliita thrombo.
Likikaa juujuu linauma, lakini lina adabu:
kitambaa cha maji ya uvuguvugu, vidonge,
mguu juu ya mto ukilala,
na kutembea, mama, kutembea.
Likiwa kwenye vena za kina
mguu hujaa, hugoma kuingia kiatuni,
na kipande kikimeguka husafiri na damu,
hupita moyoni, huenda kuziba pafu.
Hilo nalo lina jina.
Hakulitaja.
Alitutuma kwanza chumba cha altrasaundi,
jeli baridi, kioo cha kijivu kama mvua ya Aprili,
na mimi nikihesabu vigae vya ukuta,
nikipotea, nikianza upya.

"Halijazama."
"Na kukanda?"
"Usikande. Wala asikukande mtu."

Nikakiwaza kiganja cha Mama Semeni,
wema wote ule, na karafuu.

(Embolia, alituambia tukiwa tumeshavaa viatu.
Nililibeba neno hilo peke yangu hadi nyumbani
kama yai.)

Sasa kila akimaliza mkono mmoja wa gauni
shangazi huinuka, huenda hadi bombani na kurudi,
hana ndoo, hana haja ya maji.
Mteja akilalamika mshipa
yeye hutoa pini mdomoni:
"Upi?"

Mama Semeni alinuna siku tisa.
Ya kumi akaja, akakaa kwenye kigoda cha mafundo ya vitambaa,
akapandisha khanga kidogo, macho yako mlangoni.
"Na huu wangu?"

Shangazi akachukua chaki ya kukatia nguo,
akachora mezani mistari mitatu.
Wa kwanza akautaja. Wa pili akautaja, akaugusa mguu wake.
Wa tatu jina likamtoka,
akauita wa habari,
wakaendelea.