Deni la Zihalirwa

Kitabu cha kumi na mbili amekileta leo asubuhi,
daftari mbili, mwandiko wa mkono, zinanuka sambaza.
"Nakala thelathini. Nitalipa nikiuza."
Cha tisa hajakilipia bado.

Mashine yangu, hapa Nyawera, inamjua:
maiti ya Ruzizi, pete bandia,
Inspekta Cibalonza asiyelala.
Nasoma karatasi zikitoka, bado zina moto.

Ukurasa wa sitini na tatu, umeme ukakatika.
Nani kamuua karani wa benki?
Zihalirwa anapapasa stepla gizani.
"Futa deni la kile cha tisa, nikutajie."

Nikafuta.
Akanitajia: mjane.

Saa nne usiku umeme ukarudi.
Ukurasa wa mwisho ukatoka polepole,
na mjane yumo,
kisu mgongoni.