Siku ya Tano

Duluth, mwezi wa pili. Theluji
imelifikia kifuani sanduku la barua,
na Marit amewasha taa ya mezani
kama askari anayemhoji mwizi.
Anayehojiwa ni kalenda.

Swali ni moja tu: siku ngapi?
Siku ngapi Florida, kwenye ile bustani
ya ngome za rangi na treni za kupinduka,
ambako jua, wanasema, halina baridi yabisi.

Dale karudi karakana, kucha zina grisi
ya magari ya kaunti ya kusukuma theluji.
Ana siku saba za ruhusa, hana ya nane.
"Kwenda moja, kurudi moja,
hizo si likizo, hizo ni nauli.
Tano zilizobaki: tatu za foleni,
mbili nilale
mpaka nisahau jina langu."

Marit anasogeza karatasi ya bei.
Siku ya kwanza inauma kama jino.
Ya tatu imepoa kidogo.
Ya tano ni karibu sadaka.

Sisi tunasema, mgeni siku mbili,
ya tatu mpe jembe.
Bustani ile haijausikia msemo huo.
Siku ya kwanza inamkamua mgeni,
ya pili inamwuliza amelala vipi,
ya tano inamwambia, kaa bwana, unakimbilia wapi,
na jembe lenyewe
limefichwa ndani ya bei ya soda.

Anders, miaka sita, hana habari na bei.
Amesimama kwenye mwimo wa mlango wa jikoni,
visigino ukutani, kidevu juu.
Treni kubwa kuliko zote inadai
inchi arobaini na nne,
na yeye ana arobaini na tatu na nusu
tangu Krismasi.
"Tukikaa sana," anasema,
"nitakua hukohuko."

Dale anacheka, kisha anaacha kucheka,
kwa sababu hesabu hiyo
ina mantiki kuliko yake.

Na Sunniva? Kaziba masikio kwa muziki,
kumi na nne na miezi tisa.
"Mimi hata siku moja inatosha,"
anasema bila kuulizwa.
Lakini mama yake, akipita nyuma yake na birika,
anaona kwenye simu ramani ya bustani,
imekuzwa mpaka vyoo vinaonekana.

Marit anarudi kukaa. Hamwambii mtu
kuhusu mwaka ule alioenda na baba yake,
siku moja tu, kwa kuwa zamu bandarini ilianza Jumatatu.
Fataki alizitazama kupitia kioo cha nyuma cha gari,
ndogo, kimya,
kama mtu anayewasha viberiti
mahali ambapo hujaalikwa.
Baba alisema, tutarudi.
Baba alikuwa mkweli katika mambo mengine yote.

Kwenye mwimo kuna ngazi mbili za mistari ya penseli.
Ya Anders inapanda, mbichi.
Ya Sunniva iliishia miaka miwili nyuma,
siku aliposema yeye si mtoto wa kupimwa.
Mmoja hajafika.
Mwingine yuko mlangoni anatoka.
Kati yao kuna siku ngapi?

"Tano," anasema Marit.
"Usingizi wangu je?" anauliza Dale.
"Utalala kwenye foleni. Wewe hulala hata kanisani."
Anaandika tano, anaipigia duara,
anasita juu ya ile ya mwisho:
asubuhi nini, jioni nini.

Sunniva anatoa spika moja sikioni.
"Hiyo msiipange," anasema. "Iacheni tu."

Kisha anainuka, anachukua penseli,
anamwendea mdogo wake
aliyejivika soksi jozi tatu.
Anailaza penseli juu ya nywele zake za mvi ya mahindi,
anaiinua kidogo, kidogo sana,
kabla ya kuchora.
"Arobaini na nne," anatangaza.

Na wazazi, ambao wote wawili wameona,
wanaitazama theluji.