Usiuzibe Ufa

Siku ya kwanza haukupitisha hata njiti ya kiberiti.
Nilijaribu. Mtambo wa kushindilia ulikuwa barabarani tangu alfajiri,
ukinguruma kama una kesi na ardhi,
vikombe kabatini vikasalimiana bila mimi.
Jioni nikauona: unywele, juu ya dirisha la jikoni,
ukishuka taratibu
kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

Nikakoroga saruji kwenye sufuria iliyotoboka.
Nani asiyejua? Usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Mama alinilea kwa methali hiyo na uji wa ulezi.

Ndipo Subilaga, yule binti wa msaada wa kisheria,
aliyekuja kununua maziwa tu,
akanidaka mkono wenye mwiko:
"Usiuzibe, mama Lwitiko.
Ukiuziba, umemziba shahidi mdomo."

Saruji nikaimwaga uani. Ikaganda pale pale.
Mpaka leo ina nyayo za kuku.

Tukaupiga picha, gazeti la siku hiyo likiwa pembeni,
pamoja na rula ya Lwitiko ya darasa la sita.
Akanipa daftari. Andika, alisema, hata kama hakuna anayesoma.
Julai tatu: njiti.
Julai kumi na moja: punje ya hindi.
Julai ishirini na tisa: harage, tena lile nene la mbegu.
Agosti sikuwa na nafaka ya kupimia.
Nilitia kidole cha pete, kikaingia na pete yake.

Baridi ya Isyesye mnaijua nyinyi mnaotoka mabondeni?
Inateremka Loleza usiku bila viatu,
haibishi hodi, inapita ufani, inakaa kitandani.
Nililala na koti la marehemu Anyosisye,
aliyeijenga nyumba hii kwa viazi:
mwaka wa mavuno, kozi nne za tofali;
mwaka wa mnyauko, hakuna, tunatazamana.
Kila kozi naijua kwa gunia lake.

Jirani yangu Kapyela yeye aliziba. Akapaka na rangi, samawati.
Mthamini alipokuja, aliisifu rangi.

Kwangu alitangulia kijana mpole wa mkandarasi,
kofia ya njano, bahasha mkononi.
"Laki moja na nusu, mama. Saini tu hapa. Ni ubinadamu."
Nikavaa miwani. Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi,
nilikuwa naahidi kutodai tena chochote,
mimi na warithi wangu, milele.
Nikamuuliza: tangu lini ubinadamu ukataka saini?
Nikampa chai, maana ametoka mbali.
Bahasha aliondoka nayo.

Wakaandika kwamba nyumba ni kuukuu,
kwamba tofali za kuchoma huchoka zenyewe.
Nikafungua daftari.
Tofali lililosimama miaka kumi na tisa
lilichoka ghafla Julai tatu, saa mbili asubuhi?

Sikuomba huruma. Huruma ni ya mtoaji,
akikasirika anaichukua.
Nilipeleka barua, nakala tatu,
nikasimama dirishani mpaka yangu ikagongwa muhuri: IMEPOKELEWA.
Karani alisema rudi kesho. Nikarudi kesho.
Akasema Jumatatu. Nikarudi na kigoda.

Mthamini naye kapima kimya, kaandika, kafunika kalamu.
Nilichungulia: namba yake na yangu ni mapacha.
Baraza limetupangia tarehe, limeiahirisha, limeipanga tena.
Sijui itakuwaje. Subilaga naye hajui, na hanidanganyi.

Mfuko wa saruji ninao, uko chini ya kitanda,
nimeuvika nailoni usishike unyevu.
Usiku upepo ukianza kuongea ukutani,
naushika ukingo wa ufa kwa kiganja, nauambia:
sema kwanza.
Sema yote.
Nitakuziba baadaye.