Kidole Gumba

Misa ya kwanza, Kibosho. Ukungu bado umelalia migomba.
Mimi na Aikande twakagua mikoba mlangoni
tangu mwaka ule wa kishindo.
Rozari. Ndizi za sadaka. Dawa ya presha.

Katekista Ngowi alitufundisha vita vya haki kwa vidole:
madhara yawe mazito, ya kudumu, ya hakika;
njia nyingine zote ziwe zimegonga mwamba;
kuwe na tumaini la kufaulu;
na dawa isiue kuliko ugonjwa.
Vinne. Gumba hakukitaja.

Kitindamimba wangu yuko Mtwara, mpakani,
na bunduki ya serikali.
Sijui huhesabuje usiku.

Kijana mgeni, begi zito, macho chini.
Nafungua: shati, daftari, mkate.
"Pita, mwanangu."

Injili inasomwa. Kwa gumba nachora msalaba
pajini, mdomoni, kifuani.
Mkono ungali unatetemeka.